Admirali Harry Rawson: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Yafuatayo ni maswali ambayo hurudiwa kila mara jina la Rawson linapotajwa, hasa na wasomaji wa Unguja, Mombasa na Kwale. Pale swali moja linapogusa jingine, utaelekezwa badala ya kusomeshwa jambo lilelile mara mbili.

## Mambo ya msingi

Harry Rawson alikuwa nani?

Harry Holdsworth Rawson alikuwa ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza aliyeingia kazini mwaka 1857 akiwa na umri wa miaka 13, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kuwa admirali kamili mwaka 1903. Katika miaka hiyo alipigana China, alipandisha bendera ya nchi yake Cyprus, akaongoza mapigano matatu makubwa barani Afrika, kisha akamalizia utumishi wake akiwa gavana wa New South Wales huko Australia.

Watu wa pwani yetu humjua kwa asubuhi moja tu, ile ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari zake zilipolibomoa jumba la Sultani wa Zanzibar. Asubuhi hiyo ni sehemu ndogo ya utumishi wake, lakini si haki kuwalaumu wanaoikumbuka peke yake, kwa sababu waliopigwa mizinga hawana wajibu wa kusoma wasifu mzima wa aliyewapiga.

Alizaliwa wapi, na alitoka katika familia ya namna gani?

Alizaliwa tarehe 5 Novemba 1843 huko Surbiton, katika jimbo la Surrey, kusini mwa London. Alisoma katika shule ya Marlborough kabla ya kuingia jeshini. Mwaka 1871 alimwoa Florence Alice Stewart Shaw, ambaye alifariki mwaka 1905, mumewe akiwa bado gavana.

Umri wa miaka 13 huwashangaza wasomaji wa leo. Kwa wanamaji wa Uingereza wa zama zile lilikuwa jambo la kawaida: mtoto wa familia yenye uwezo alipelekwa melini mapema, akajifunza unajimu wa baharini, mizinga na nidhamu humo humo, na alipofikisha miaka 20 alikuwa tayari ameona vita ambavyo mwenzake wa nchi kavu alivisoma gazetini.

Vyeo vyake vilipandaje?

Alikuwa luteni mwaka 1863, kamanda mwaka 1871 na kapteni mwaka 1877. Kapteni wa jeshi la wanamaji asichanganywe na kapteni wa jeshi la nchi kavu. Huyu wa baharini husimamia manowari nzima na watu mamia, na cheo chake hulingana na cha kanali. Mwaka 1892 Rawson alifikia ngazi ya kwanza ya maadmirali, ile ya rea admirali, na ndicho cheo alichokuwa nacho Mwele, Unguja na Benin. Alikuwa makamu admirali mwaka 1898 na admirali kamili mwaka 1903.

Wasomaji wa Kenya huuliza mbona majina haya ni mageni kwao. Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1964 na lenye makao yake Mtongwe, limekuwa likiwapa wakuu wake vyeo vya nchi kavu, kama vile brigedia na meja jenerali, wakati Tanzania mkuu wa wanamaji huitwa rea admirali. Kwa hiyo Mtanzania akisoma habari za Rawson hana haja ya kutafsiriwa cheo, na Mkenya aweke meja jenerali mahali pake.

Je, alikuwa "Sir" wakati wa vita vya Unguja?

Hapana. Alipata heshima hiyo mwaka 1897, baada ya Benin. Maandishi yanayomwita Sir Harry katika habari za Agosti 1896 yanamvisha joho kabla ya sherehe.

## Kabla ya Afrika

Alianza kupigana wapi?

China. Alikwenda huko katika manowari iitwayo Calcutta, na mwaka 1858 alikuwapo Waingereza walipoziteka ngome za Taku, zilizolinda mlango wa mto unaoelekea Tianjin. Aliendelea na vita hivyo hadi mwaka 1860, akajeruhiwa vibaya, na baadaye katika mapambano dhidi ya waasi wa Taiping alipewa Wachina 1,300 awaongoze kwa miezi mitatu katika ulinzi wa mji wa Ningbo. Alikuwa hajatimiza miaka 20.

Kuna kisa kingine cha miaka hiyo kinachostahili kutajwa kwa kuwa kinaonyesha upande ambao mizinga huuficha. Usiku mmoja askari mmoja alianguka mtoni huko Shanghai, na Rawson akajitupa majini gizani kumwokoa. Anayejua jinsi maji ya mto wenye tope na mkondo yanavyommeza mtu aliyevaa nguo za kazi ataelewa kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Alifanya nini kati ya China na Afrika?

Alibobea katika fani ya mizinga, na hilo litakumbukwa tukifika Unguja. Mwaka 1878, Uingereza ilipoichukua Cyprus kutoka kwa utawala wa Kituruki, kapteni Rawson ndiye aliyepandisha bendera mjini Nicosia, akabaki hapo muda mfupi akiwa msimamizi wa mji. Mwaka 1882, Waingereza walipoivamia Misri, kazi yake ilikuwa kusimamia usafirishaji: vikosi, farasi, chakula na risasi vishuke kwenye gati sahihi kwa wakati wake. Kazi hiyo haina sifa katika nyimbo, lakini ndiyo iliyomfundisha kushusha jeshi pwani upesi, ujuzi uliomfaa kuliko mwingine wowote miaka 15 baadaye.

Kwa nini ofisa wa Rasi ya Tumaini Jema alikuwa na mamlaka Unguja na Mombasa?

Mwaka 1895 Rawson aliteuliwa kuwa mkuu wa manowari za Uingereza za Rasi ya Tumaini Jema na Pwani ya Magharibi ya Afrika. Kituo kilikuwa Simon's Town, karibu na Cape Town, lakini eneo lake lilizunguka bara: lilipanda upande wa Atlantiki hadi Afrika Magharibi, na upande wa Bahari ya Hindi hadi pwani ya Waswahili. Mtu mmoja, akiwa juu ya meli yake St George, aliwajibika kwa pwani yenye maelfu ya maili. Ndiyo maana jina lake linatokea Kwale, Unguja na Nigeria katika muda wa miezi 18 tu.

## Mwele, 1895

Rawson alikuwa na ugomvi gani na Mbaruk bin Rashid?

Yeye binafsi hakuwa nao, aliukuta. Mapema mwaka 1895 Liwali wa Takaungu, wa ukoo wa Mazrui, alifariki, na Kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitawala pwani ikamtambua mwanawe mdogo badala ya ndugu mkubwa aliyejiona ndiye mwenye haki. Aliyenyimwa aliasi, akakimbilia kwa jamaa yake, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mzee aliyekuwa amepambana na masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi na asiyekuwa na desturi ya kumtoa mgeni wake. Kampuni ilishindwa kuuzima moto huo, serikali ya Uingereza ikachukua nchi mwezi Julai, na wanamaji wakaitwa.

Mwele, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Kwale, ilikuwa boma la Mbaruk ndani ya msitu, limezungushiwa magogo. Liliwahi kushambuliwa mwaka 1882 na askari wa Sultani chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliunda jeshi hilo, na Mbaruk akarudi. Safari hii Rawson alikwenda na mamia ya mabaharia na wanajeshi wa majini, askari wa Zanzibar na wapagazi, wote kwa miguu kutoka pwani. Boma lilitekwa tarehe 17 Agosti 1895. Mathews, aliyekuwamo tena katika msafara, alijeruhiwa.

Kwa hiyo uasi ukaisha hapo?

Haukuisha. Rawson aliteka boma, si mtu. Mbaruk alitoweka msituni na vita vya kuvizia vikaendelea kwa miezi kadhaa, mpaka Waingereza walipoleta askari kutoka India. Mwezi Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, wakampa makazi Dar es Salaam, alikofariki mwaka 1910, mwaka uleule alioufia Rawson.

Mwandishi wa ukurasa huu anaona kwamba Mwele inaeleza mengi kuliko Unguja, ijapokuwa haizungumzwi. Manowari huweza kubomoa kilicho ufukweni. Asiyekaa ufukweni anahitaji miguu, subira na watu wanaoijua njia.

## Unguja, 27 Agosti 1896

Vita vilianzaje?

Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na katika makubaliano ya wakati huo hakuna sultani mpya aliyeweza kukalia kiti bila ridhaa ya konseli wa Uingereza. Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Kabla hata hajazikwa, binamu yake Khalid bin Barghash aliingia katika jumba na watu wake, akajitangaza sultani. Aliwahi kujaribu hivyo mwaka 1893 akazuiwa. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed.

Konseli mkuu, Arthur Hardinge, hakuwapo kisiwani, na aliyekaimu alikuwa Basil Cave. Bandarini zilikuwapo Philomel na Thrush, kisha Sparrow ikaingia siku ileile. Siku ya pili asubuhi ilifika Racoon, na kama saa 8 mchana ikatia nanga St George, na Rawson ndani yake.

Nani hasa aliyetoa amri ya kupiga: Rawson, Cave au London?

Wote watatu, kila mmoja kwa sehemu yake. Cave alipeleka simu ya maandishi London akiuliza kama ana ruhusa ya kutumia nguvu, na waziri mkuu, Lord Salisbury, akajibu kwamba achukue hatua anayoiona ni ya lazima na serikali itamuunga mkono, ila asianze jambo ambalo hana hakika ya kulimaliza. Rawson ndiye aliyetia saini onyo la mwisho: bendera ishushwe na jumba liachwe wazi kabla ya saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Namna ya kuzipanga meli na kuchagua shabaha ilikuwa yake.

Kwa maoni yangu, wanaosema "alitumwa tu" na wanaosema "ni yeye peke yake" wote wanapunguza. Ofisa mkuu hupokea ruhusa kwa maneno ya jumla, na hesabu ya mizinga huifanya mwenyewe.

Asubuhi ile ilikwendaje, saa kwa saa?

Usiku wa kuamkia tarehe 27 wageni wa mataifa mengine walikuwa wamekwisha kuhamishiwa melini na katika nyumba za konseli. Saa 2 asubuhi mjumbe wa Khalid alifika kutaka mazungumzo. Akajibiwa kwamba mazungumzo yatakuwapo masharti yakikubaliwa. Saa 2 na nusu ulikuja ujumbe mwingine, wenye maana kwamba hatushushi bendera na hatuamini kama mtatupiga. Cave akajibu kwamba hawapendi kupiga, lakini wasipotii watapiga bila shaka. Saa 2:55 ishara ya kujiandaa ilipandishwa kwenye mlingoti wa St George.

Saa 3:02 Racoon, Thrush na Sparrow zilifyatua kwa pamoja. Zilikuwa karibu kiasi kwamba mpiga mzinga hakuhitaji kukisia, na risasi ya kwanza ya Thrush iliangusha mzinga mmoja wa Khalid. Ndani ya majumba hayo, ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya mbao, walikuwamo watu wapatao 3,000: walinzi, watumishi, watumwa na watu wa mjini walioungana na Khalid. Upande wa pili, nchi kavu, askari wa Kizanzibari wapatao 900 walikuwa chini ya Mathews na ofisa wake Arthur Raikes, wakilinda forodha na njia za mji. Neno "Waingereza dhidi ya Wazanzibari" kwa hiyo halitoshi, kwa sababu Wazanzibari walikuwa pande zote mbili.

Karibu saa 3:40 mizinga ya jumba ilikuwa imenyamaza, moto umeshika, na bendera imeanguka. Mlio ukakoma.

Ni dakika 38, 40 au 45?

Yote matatu hutajwa, na tofauti si uongo wa mtu. Inategemea unaanzia kwenye risasi ya kwanza au kwenye saa 3 kamili muda wa onyo ulipokwisha, na kama unamalizia kwenye kuanguka kwa bendera au kwenye risasi ya mwisho. Dakika 38 ndizo zilizoshika katika vitabu vya rekodi kama vita vifupi kuliko vyote duniani. Sifa hii ya ufupi imegeuka kuwa mzaha wa maswali ya chemsha bongo, na anayeucheka asome kwanza jibu la swali la idadi ya waliokufa.

Glasgow, meli iliyozamishwa, ilikuwa manowari kweli?

Ilikuwa meli ya Sultani, zaidi ya fahari kuliko ya vita. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza meli za Sultani Barghash, naye alipoiona manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow akaipenda, akaagiza Uingereza ajengewe mfano wake. Ilifika mwishoni mwa miaka ya 1870, na kwa miaka ikakaa imetia nanga mbele ya jumba. Ilikuwa na mizinga midogo 7 pamoja na bunduki ya rasharasha aliyoitoa Malkia Victoria kama zawadi kwa Sultani.

Asubuhi ile Glasgow iliifyatulia St George. Mtu aliyekuwa mtaalamu wa mizinga tangu ujana wake (tazama "Alifanya nini kati ya China na Afrika?") akajibu, na meli ile kongwe ikatobolewa chini ya mstari wa maji. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Uingereza kuonyesha wamesalimu amri, na mashua za Waingereza zikawachukua. Ilizama pale pale, maji yakiwa haba, na milingoti yake ikabaki imesimama nje ya bahari. Hadi mwaka 1912, ilipovunjwa na kuondolewa, kila jahazi lililoingia bandarini Unguja na pepo za kaskazi lilipita kando ya milingoti hiyo.

Watu wangapi walikufa?

Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa, wengi kwa moto na kuporomoka kwa nyumba. Upande wa manowari alijeruhiwa vibaya baharia mmoja wa Thrush, ambaye alipona. Hakuna Mwingereza aliyekufa.

Khalid alikwenda wapi?

Alikimbilia katika ubalozi mdogo wa Ujerumani, ambako askari wa Raikes walimngoja mlangoni usiku na mchana. Tarehe 2 Oktoba, wakati wa bamvua, maji yalipofika hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ilisogea mpaka hapo. Khalid akatoka ardhi ya Ujerumani akaingia mashua ya Ujerumani bila mguu wake kukanyaga udongo wa Unguja. Walinzi waliokuwa barabarani hawakuwa na la kufanya. Aliishi Dar es Salaam hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1916, wakampeleka St Helena na Seychelles, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Rawson alipata nini kwa kazi ile?

Sultani mpya, Hamoud bin Mohammed, aliyekalishwa kiti mchana wa siku ileile, alimpa nishani ya Nyota Angavu ya Zanzibar, daraja la kwanza. Hamoud huyohuyo ndiye aliyetia saini, tarehe 6 Aprili 1897, amri ya kuondoa utambuzi wa kisheria wa utumwa Unguja na Pemba. Baadhi ya waandishi hulifanya hilo kuwa ndilo lengo la mizinga ya Agosti. Ni kweli lilifuata, lakini onyo la Rawson lilitaka bendera ishuke na jumba liachwe, halikusema lolote juu ya watumwa.

## Benin, 1897

Benin hiyo ni nchi ya Benin ya leo?

Hapana. Ni ufalme wa Benin wa watu wa Edo, ambao mji wake mkuu, Benin City, uko Nigeria. Jamhuri ya Benin, zamani Dahomey, ilichukua jina hilo mwaka 1975.

Rawson alihusikaje?

Tarehe 4 Januari 1897 msafara wa kaimu konseli James Phillips, uliokuwa ukielekea Benin City ingawa umeombwa usije wakati wa ibada za mfalme, ulishambuliwa na karibu Waingereza wote wakauawa. Rawson aliagizwa kuadhibu. Alikusanya meli kutoka Rasi na kutoka Mediterania na kikosi cha watu wapatao 1,200, mbali na wapagazi, akavishusha kwenye mito ya delta na kuelekea mjini kupitia Ologbo. Njia ilikuwa ya msituni, nyembamba, na adui hakuonekana. Maji ya kunywa yalibebwa na kupimwa kwa sababu hawakuwa na hakika ya visima mbele. Tarehe 18 Februari mji ulitekwa. Tangu kifo cha Phillips zilikuwa zimepita siku 45 tu. Hapo ndipo shule ya gati za Misri ilipoonekana.

Makumi ya nyumba yalichomwa kwa amri, na tarehe 21 Februari moto ukasambaa na kuteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na jumba la kifalme. Mfalme, Oba Ovonramwen, alijisalimisha baadaye mwaka huo, akapelekwa uhamishoni Calabar, ambako alifariki mwaka 1914.

Je, ni Rawson aliyezichukua shaba za Benin?

Zilichukuliwa na kikosi alichokiongoza, na chini ya amri yake. Katika jumba la Oba zilikutwa bamba za shaba, vichwa vya wafalme waliotangulia, na pembe za ndovu zilizochongwa, kazi ya karne kadhaa. Nyingine ziligawanywa kwa maofisa, nyingine zikauzwa na serikali kufidia gharama za msafara, na kwa njia hizo zikafika katika makumbusho ya London, Berlin na kwingineko. Chuo cha Jesus cha Cambridge na Chuo Kikuu cha Aberdeen vilirudisha vipande vyao mwaka 2021; Ujerumani na taasisi ya Smithsonian ya Marekani zikafuata mwaka 2022. Makumbusho ya Uingereza bado ina mamia.

Wanaomtetea husema kuteka nyara ilikuwa desturi ya vita vya wakati huo. Kwa wanaodai vitu vyao, desturi ya aliyechukua haibadilishi mali ni ya nani.

## Baada ya Afrika

Aliongoza manowari gani baadaye?

Kuanzia mwaka 1898 hadi 1901 aliongoza kikosi cha meli kubwa za Uingereza katika mlango bahari kati yake na Ufaransa, nafasi ya heshima kubwa. Mwaka 1901, baada ya meli mpya iitwayo Cobra kukatika vipande viwili baharini na kuua watu zaidi ya 60, aliwekwa kuwa mwenyekiti wa kamati iliyochunguza uimara wa meli nyepesi za mwendo kasi za aina hiyo.

Aliwezaje kutoka manowari na kuwa gavana?

Uingereza ilipenda kuwateua maofisa wastaafu au wanaokaribia kustaafu kuwa magavana wa makoloni yake yenye bunge, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya heshima zaidi kuliko ya utawala. Rawson alifika Sydney mwezi Mei 1902, mwaka mmoja baada ya makoloni ya Australia kuungana, na akaondoka Mei 1909. Alipendwa huko, na muda wake ukaongezwa. Agosti 1908 alikuwa gavana wakati manowari 16 za Marekani, zilizokuwa zikizunguka dunia, zilipoingia bandari ya Sydney, na mzee aliyeanza kazi wakati wa matanga akashuhudia chuma na makaa ya taifa jingine yakishangiliwa na raia wa himaya yake.

Alifariki lini?

Tarehe 3 Novemba 1910, London, baada ya upasuaji wa kidole tumbo. Alibakiza siku mbili kutimiza miaka 67.

## Maswali ya pembeni

Rawson na Lloyd Mathews ni mtu mmoja?

Ni watu wawili, ingawa wote walikuwa wanamaji. Mathews alikuja Unguja akiwa luteni wa manowari London iliyozuia biashara ya watumwa, akaunda jeshi la Sultani Barghash mwaka 1877, akawa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani mwaka 1891, akafia Unguja mwaka 1901. Rawson alikuwa mpita njia: alikuja, akapiga, akaenda zake.

Mji wa Rawson wa Argentina umeitwa kwa jina lake?

Hapana, umeitwa kwa jina la Guillermo Rawson, waziri wa Argentina. Na Rawsonville ya Afrika Kusini ni ya Rawson mwingine, na ni ya zamani kabla hata huyu hajawa ofisa mkubwa.

Je, aliwahi kupigana vita vya meli kwa meli katika bahari kuu?

Hili ndilo swali bora kuliko yote, na huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Ukikusanya Taku, Ningbo, Misri, Mwele na Benin, utaona ofisa wa baharini ambaye karibu vita vyake vyote vilikuwa vya nchi kavu au dhidi ya kuta. Meli mashuhuri aliyoizamisha, Glasgow, ilikuwa imefungwa nanga, nayo ilikuwa imejengwa Uingereza. Hakuwa pekee; kati ya vita vya Napoleon na mwaka 1914 maadmirali wengi wa Uingereza walipanda vyeo hivyo hivyo, kwa kushusha watu ufukweni katika nchi zisizokuwa na manowari.

Nikitaka kuona alama za habari hizi leo, niende wapi?

Unguja, simama Forodhani uangalie Beit el-Ajaib: ilinusurika mwaka 1896, lakini mnara uliokuwa mbele yake ulivunjwa kwa mizinga, na ule wa saa uliounganishwa na jengo ulitokana na matengenezo yaliyofuata. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020. Beit al-Hukm, jirani yake, halikujengwa tena, na jumba la makumbusho lililo ufukweni leo lilijengwa upya baada ya mabomu. Upande wa Kenya, Gazi iko kusini mwa Mombasa, kwenye njia ya kuelekea Lunga Lunga, na nyumba ya Mbaruk ingali imesimama kijijini.